Mawe ya Mizani

Jumapili Kibuye huamka kabla ya kengele za kanisa.
Nimekwisha kuyapanga mawe yangu juu ya gunia:
kilo mbili, kilo, nusu, robo,
na lile dogo la shaba lililotoboa mifuko ya koti la baba
miaka thelathini na mmoja.

Mji huu siujui kwa barabara.
Naujua kwa uzito.

Pale Jubilee mizani za nyanya zina adabu ya kanisani
mkaguzi akiwa anapita.
Akishapita, zinakumbuka kwao.
Kondele, vyuma chakavu hupimwa kwa ndoano yenye kutu,
na kidole gumba cha kijana anayepima
kina kilo yake binafsi.
Manyatta, gorogoro ya omena imegongwa nyundo kitakoni,
tumbo limeingia ndani kama la mtu aliyelala njaa,
na juu imefurika, ya kupendeza macho.
Obunga hawaniiti.
Minofu ilishapanda ndege jana;
kilichobaki ni mgongo wazi, kichwa,
mafuta yanayofoka kwenye karai,
na bei ni ya kutazamana.

Kaloleni niliwahi kumkuta Bi Zamzam
akipima iliki kwa kijiko kilicholika upande mmoja.
Nikamwambia, bibi, hiki si kipimo.
Akaniuliza mama yangu alinipima kwa nini.

Baba alianza kwa kufagia pumba
katika duka la Vithaldas, nyuma ya stesheni,
enzi za ratili na wakia.
Shuleni tulifundishwa: reli ilifika ziwani, mji ukazaliwa.
Nikamsomea. Akacheka hadi akakohoa.
"Ulizaliwaje, na watu walishakuja hapa
njaa zao mgongoni, kabla ya mluzi wa kwanza?"
Kisuma, akasema, ni kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana:
chungu kwa mtama, jembe kwa kunde.
Stempu ya serikali haikuwapo.
Jicho la aliyeshiba lilipima
jicho la mwenye njaa,
na lenyewe likapimwa.

Leo Felgona, nyar Seme, kaniletea mizani yake ya buluu,
sahani mbili, moja imepinda sikio.
Naweka kilo upande huu, mtama upande ule.
Napuliza vumbi. Natoa nyuzi za gunia. Napima tena.
Gramu sitini.
Si za kupunja. Za kuzidisha.
"Mama, hii inakuibia."
"Tangu lini?"
"Kutu haina tarehe."

Anahesabu kwa vidole, nami nadhani anahesabu shilingi.
Anahesabu watu.
Mwalimu mstaafu wa Migosi.
Msichana wa uji, mwenye pacha.
Yule mwanamume asiyesalimia,
anayerudi kila wiki kutoka mbali,
akiwapita wauza mtama tisa.
"Kumbe," anasema. "Nilidhani ni uso wangu."

Tunacheka. Pikipiki inapita
imebeba kitanda kizima, na mwenye kitanda juu yake.

"Ukiirekebisha, watajua?"
"Mikono itajua kabla ya macho."
Anaitazama mizani kama mtu anayetazama mtoto wa jirani
aliyekuwa akila kwake bila kuonekana.
"Ninyooshee sikio tu," anasema. "Hilo lingine liache."

Nikalinyoosha.
Akanilipa nusu kwa pesa, nusu kwa mtama,
akiupima kwa mizani ile ile.

Katika daftari kuna safu ya kasoro.
Niliandika sitini. Nikafuta.
Karatasi ikatoboka.

Soko likifungwa nayafunga mawe kwenye gunia,
makubwa chini.
Lile la shaba nalishika kiganjani, lina joto la mchana.
Baba alisema ni wakia nne.
Sijawahi kulipima.